Maziwa ya Mgonjwa wa Kilimani

Kokuberwa wa Isingiro alikuwa mjane mwenye ng'ombe watatu. Kaka yake, Rwegoshora, ndiye aliyekamua. Kokuberwa mwenyewe alibeba maziwa kichwani na kuyauza. Mwaka 1954 bei ya kahawa ilipopanda, wafanyabiashara wa Bukoba na Muleba walijenga nyumba za bati juu ya kilima, wakawa wanakuja kupumzika kila kiangazi.

Walikuja na redio, na viatu vya kubadilisha mara tatu kwa siku. Jumapili moja Bwana Yustus alitandika kanga mpya kutoka kwenye gari lake hadi mlango wa kanisa, mkewe akapita juu yake. Waumini waliduwaa. Kokuberwa, mwenye kanga moja ya kanisani, alisali siku hiyo bila kusikia alichokuwa anasema.

Kesho yake alifika Adelgunda, mke wa Bwana Placidius, jirani na mshindani wa Yustus.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtoto wetu anaumwa. Ameambiwa anywe maziwa tu. Tuuzie yote, siku tatu."

Nyasi zilikuwa zimekauka na ng'ombe walitoa kidogo. Kikombe kimoja cha kila siku Kokuberwa alimpa bure Joviana, jirani aliyejifungua karibuni na ambaye maziwa yake yalikuwa yamekauka. Akamwendea.

"Nivumilie siku tatu, mwanangu. Kuna mgonjwa kilimani."

Joviana alikubali. Mtoto wake akanyweshwa uji mwepesi, akaharisha.

Siku ya tatu Kokuberwa alipanda kilimani mapema na maziwa ili amjulie hali mgonjwa. Alikuta wageni wamekaa kwenye viti uani, wanacheka. Dereva alikuwa amechuchumaa kando ya gari jeusi, anachovya kitambaa kwenye debe na kusugua magurudumu. Maji meupe yalitiririka vumbini. Kokuberwa alidhani ni chokaa, mpaka harufu ya maziwa ilipomfikia.

"Yustus na atandike kanga," Placidius aliwaambia wageni. "Gari langu haligusi maji!"

Wakapiga makofi. Mtoto wa nyumba hiyo akapita mbio mbele yao, mzima kabisa, na kipande cha mkate mkononi.

Kwao Kokuberwa hata tone la maziwa likimwagika kwa bahati mbaya, mtu alishtuka.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza.

Kicheko kikakatika.

"Mama, si tumekulipa?" Adelgunda alisema kwa sauti ndogo.

"Nauliza mgonjwa yuko wapi!"

Kokuberwa aligeuka na maziwa ya siku hiyo, akashuka moja kwa moja hadi kwa Joviana. Mtoto alikunywa, akatapika, akanywa tena. Kokuberwa alijaribu kueleza alichokiona, akashindwa. Akakaa chini na kulia. Baadaye akaweza kueleza, na Joviana aliposikia yote alimkumbatia mwanawe.

Habari zilienea siku hiyohiyo. Hakuna nyumba iliyouza tena maziwa kilimani. Baada ya wiki Adelgunda alirudi, peke yake, kwa miguu.

"Nilikudanganya, mama. Mume wangu alinituma."

"Ulijua ningekataa."

"Nilijua."

Kokuberwa hakumfukuza, wala hakumkaribisha ndani. Placidius na familia yake waliondoka kabla kiangazi hakijaisha. Mtoto wa Joviana alinenepa polepole. Lakini miaka mingi baadaye, akisimulia habari ile, Kokuberwa alikuwa bado anakatiza simulizi katikati na kuuliza, "Na walipiga makofi, mnasikia? Watu wazima, walipiga makofi."