Kata Chini ya Kiuno

Mama yangu hajui kukaa. Majirani humwita Mama Karai, kwa kuwa amebeba makarai ya zege kichwani kwenye majengo ya watu kwa miaka ishirini na sita. Baba alikuwa akimtania kwamba alizaliwa akitembea. Ukimpa kiti anakikalia ukingoni, macho mlangoni. Mimi hunichosha, sitaficha.

Kiharusi kilipomwangusha baba, mwili ukapooza na ulimi ukafungwa. Mama ndipo akazidi. Alifua, alipika, alimlisha, akarudi kufuta dirisha alilokwisha kulifuta. Mwezi wa pili baba akatokwa na kidonda mgongoni chini, pale mfupa unapokaribia ngozi. Muuguzi wa mtaa alituonya: kikifika kwenye mfupa, mzee anaweza kutuondokea kwa kidonda, si kwa kiharusi. Tangu siku hiyo roho zetu zikawa juu juu.

Mama akashona kata. Ilikuwa kata nene ya matambara, duara lenye tundu katikati, kama zile alizoweka utosini maisha yake yote, ila kubwa zaidi.

"Uzito utanifundisha wewe?" aliniambia. "Bila kata, karai linakuchimba utosi. Ukiweka kata linatulia."

Akamlaza baba juu yake, kidonda kikae kwenye tundu kisiguse kitu. Hata mimi nilimsifu.

Siku ya tisa muuguzi alikuja, akamgeuza baba ubavu, akaitoa kata. Kidonda kilikuwa kimepanuka, na duara jekundu lililoanza kugeuka jeusi lilikizunguka pande zote.

"Mama, mngeniuliza. Kuuliza si ujinga," alisema. "Kichwani kata inauongezea mzigo mahali pa kukaa. Hapa umempunguzia. Katikati hakuna kitu, kwa hiyo kiuno chote kinabebwa na huu ukingo tu, na damu haipiti. Hebu ikalie mwenyewe."

Mama akaiweka kwenye benchi la mbao, akaikalia. Dakika ya pili akaegemea paja la kushoto, ya nne la kulia. Ya saba akainuka, anajisugua.

"Umeona? Unajisogeza bila hata kujua," muuguzi akasema. "Yeye hawezi. Mtandikieni godoro nene la sponji alilalie kwa upana wote, mito chini ya miguu, visigino visiguse. Na kila baada ya saa mbili, mgeuzeni."

Mama akamwinamia baba. "Mbona hukusema?"

Akamuuliza hivyo mtu ambaye hajatamka neno tangu aanguke! Nilitaka kumfokea. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe.

"Ulisema. Kila nikikulaza ulikunja uso. Na mimi nikakwambia acha kudeka."

Muuguzi alikuwa bado anafunga mkoba wake. Hata robo saa haijapita tangu amgeuze. Mama akapitisha mkono chini ya kiuno cha baba, akaanza kumgeuza tena, na hakuna aliyethubutu kumwambia atulie.