Kibanda cha Papa Floribert

Apoline alikiona kibanda asubuhi, ndoo ya maji kichwani, akasimama. Jirani yake Floribert, mwenye nyumba nzuri kuliko zote mtaani kwao kambini Nyarugusu, alikuwa anasimamisha miti uani na kuezeka matawi. Mkewe anatoa magodoro nje.

Floribert alifanya kazi na mashirika ya misaada, na watu wa mashirika husikia habari kabla ya wengine. Kwa hiyo Apoline hakuuliza. Nani aache tofali akalale chini ya majani, kama hajaambiwa kwamba nyumba zinabomolewa na watu wanarudishwa Kongo? Walipokimbia kutoka Fizi, waliosimama kuuliza ndio waliochelewa.

Jua halijapanda sana, mtaa mzima umeshakiona kibanda na unauza: sufuria, mbuzi, hata milango. Apoline akatoa cherehani, iliyomlisha yeye na wanawe tangu wafike. Haidari, mchuuzi wa Kasulu, akaizunguka kama anayetazama ng'ombe mgonjwa.

"Nusu bei, mama. Na hapo nimekuonea huruma."

"Huruma yako kampe mkeo."

"Haya, utamwonyesha makali hayo dereva wa lori la Kongo."

Apoline akageuza uso. Biashara aliijua: hofu ikishaonekana usoni, bei anapanga mwenzako. Akamwambia angoje, akaenda kwa Floribert.

"Papa Floribert, sema kweli. Malori yanakuja lini?"

"Malori gani, mama? Hii ni Sikukuu ya Vibanda, ya Wayahudi. Kikundi chetu cha maombi kimeanza kuishika mwaka huu. Ni ya mavuno."

"Mavuno! Watu ndiyo kwanza wanangoja mvua wapande maharage!"

"Huko kwao ndio wakati wa kumaliza kuvuna. Wanasema wakulima walilala shambani kwenye vibanda, wakikusanya zabibu. Mungu akawaagiza wakae humo siku saba kila mwaka, wakumbuke walivyotoka Misri wakatanga jangwani bila nyumba. Mtu akishiba asijisahau."

"Sisi hapa nani amejisahau? Nenda kawaambie watu, kabla hawajauza milango yote!"

Floribert akacheka, akaenda. Apoline hakucheka. Aliyatazama yale magodoro. Mtu aliyekatazwa kutaja malori angesema nini, kama si hivyo hivyo?

Akarudi kwa Haidari.

"Leo siuzi."

"Gari langu linaondoka, mama."

"Liende. Wiki ijayo urudi na bei yako hiyohiyo. Sikukuu ikiisha, magodoro ya jirani yakarudi ndani, siuzi hata uongeze mara mbili. Yasiporudi, cherehani ni yako."

"Una roho ngumu wewe!"

"Roho inatetemeka, baba. Kigumu ni mdomo."

Akaingiza cherehani ndani. Kisha akaweka kigoda mlangoni, mahali pa kuona uani kwa Floribert, akaketi kuyalinda yale magodoro.