Antena sita mu mupunga ya Mama Zaina

Mudogo wangu, sijazeeka, nakupita miaka chache tu. Lakini unaingia mu masomo ya uinjiniya, na mimi siwezi kungoja mvi ndiyo nikuambie.

Ile asubui ya Kabambare haijatoka mu kichwa yangu. Tulikuwa mwaka ya mwisho, wanafunzi wane. Profesa alikataa kazi ya karatasi: muende mu shamba ya kweli, mutege vyombo vya kupima maji mu udongo. Tukaunda sita. Kila kimoja kisanduku, batri na antena, kinatuma habari kwa kingine mpaka ku kompyuta. Mama Zaina, shangazi ya mwenzetu, akatupa shamba yake, mupunga karibu ya kuvunwa.

Wenzangu wakasema tupite kwanza kwa kapita, mukubwa wa kijiji, na kwa majirani. Nikakataa. «Tutasalimia watu mpaka lini?» Nikafukia vyombo mbio mbio, nikapanda pikipiki.

Kesho yake tukakuta mashimo sita, visanduku vimetupwa kando. Vijana wenye kuchimba zahabu ku Salamabila waliona antena zimejipanga, wakasema ni mashine ya kutafuta zahabu: penye imesimama, ndiyo penye zahabu iko. Mupunga ilikuwa imelala mu matope.

Nikaanza kuwatukana wale vijana mbele ya watu. Kapita, muzee Ramazani, akanishika mukono.

«Mwanangu, hivi visanduku vinazungumuza?»

«Ndiyo, muzee. Kila dakika kumi vinapashana habari.»

«Ah! Visanduku vinapashana habari, na wewe injiniya unapita ku mulango yangu kama mutu anafukuzwa na nyuki!»

Watu wakacheka. Mama Zaina hakucheka. Alikuwa anaokota masuke moja moja, anayapangusa na kitenge.

«Sasa watoto wangu watakula antena?»

Tulifukia mashimo, tukaokota naye siku tatu, na nusu ya mupunga ikaoza. Siku ya kutetea kazi mbele ya Profesa ikapita bila sisi. Msimu yenye kufuata tulimulimia mbele ya kutega kitu chochote. Mpaka leo nikipita pale, siwezi kusimama nimetulia.

Basi, sikia. Mbele ya kufukia chombo ya kwanza, zunguka nyumba zote. Fungua kisanduku, watu waone ndani, waulize mpaka wachoke. Utasikia miguu inawasha kuondoka. Ikae papo hapo.

Mungu akupe batri yenye kudumu, na kiti ku kila mulango yenye utabisha.