Togwa ya Mama Kwenye Kisahani cha Kioo

Spiriti inayowaka ina harufu nyembamba, kali kidogo. Ikichanganyika na harufu ya uji uliochacha hunirudisha Ifakara, kwenye maabara ya sekondari yenye madirisha yasiyofungika, likizo ya Juni, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa kidato cha tatu. Nilijiona nina akili sana, imani ambayo, kama mtakavyoona, haikuwa na ushahidi wa kutosha.

Kambi ile iliitwa ya bayoteknolojia. Nyumbani kwetu Kiberege hakuna aliyeweza kulitamka neno hilo mara mbili kwa namna moja, na baba aliwaambia wenzake kwamba nimekwenda kusomea mitambo. Tulikuwa wanafunzi ishirini kutoka shule za bonde zima, tukilala kwenye mabweni yaliyoachwa wazi na likizo. Mwalimu Koku, aliyetufundisha, alikuwa dada kijana aliyetoka chuo kikuu, mwembamba mwenye sauti kubwa. Hakutaka tukae tukinakili ubaoni. Tulichemsha agari, ule ute unaoganda kama supu ya kongoro iliyolala, tukaumimina kwenye visahani vya kioo na kuvifunika. Mashine ya kuoteshea bakteria haikuwepo. Lilikuwepo sanduku la mbao lenye balbu ndani, na Mama Salome, mpishi wa kambi, aliamini mpaka mwisho kwamba tunaangua vifaranga.

Siku ya kwanza kila mtu aligusisha kidole kwenye kisahani chake. Siku ya tatu tulivitazama. Cha Kasimu, kijana wa Sanje, kilikuwa na madoa ya njano, madoa ya kijani, na kitu kimoja chenye manyoya.

"Kasimu, wewe hunawi," nilisema. "Unafuga!"

Darasa zima lilicheka. Kasimu alinitazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri zamu yake.

Ijumaa Mwalimu Koku alitutuma nyumbani, kila mmoja arudi na togwa ya kwao. Tungeiotesha kwenye visahani, na chachu iliyo bora kuliko zote ingetumika kupikia togwa ya watoto wa kliniki, jina la mwenye chungu likiandikwa juu yake. Wazazi wangealikwa siku ya kufunga kambi. Alieleza pia ni nini hasa tunachokitafuta ndani ya togwa, lakini wakati huo mimi nilikuwa bado nacheka manyoya ya Kasimu.

Mama yangu aliuza togwa sokoni Kiberege. Alipika uji wa mahindi, akauacha upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, akakoroga kimea cha ulezi, kisha akaumimina kwenye chungu kilichobakizwa masalia ya togwa ya jana. Chungu hicho alipewa na bibi kule Masagati alipoolewa. Watu walishuka kwenye basi kwa ajili ya togwa ile.

"Mwambie mwalimu wako," alisema akinijazia kidumu, "chungu hiki hakijawahi kuona sabuni."

Alisema kwa fahari. Mimi nilisikia mtu akikiri kosa. Mabwana afya walikuwa wametuimbisha shuleni chemsha, funika, nawa, mpaka tukayaimba usingizini. Niliona kisahani cha mama kikiota manyoya mbele ya watu wote, jina lake likiwa limebandikwa juu yake, na Kasimu akiwa amesimama pembeni.

Niliporudi kambini nilipitia kwanza jikoni, nikamwomba Mama Salome sufuria ndogo.

"Unaumwa tumbo, mwanangu?"

"Hapana, mama. Naisafisha tu."

Niliichemsha mara mbili, nikairudisha kwenye kidumu.

Siku tatu baadaye visahani vilipangwa mezani. Vya wenzangu vilijaa vidoti vyeupe, na cha Kasimu kilikuwa kama mtu amekimwagia mchele. Changu kilikuwa kitupu, safi, kinang'aa. Nilianza kutabasamu.

"Hawa weupe ndio tuliokuwa tunawatafuta," Mwalimu Koku alisema. "Hawa ndio wanaochachusha, na uji ukishachacha, bakteria wa kuharisha hawapati nafasi." Akafika kwangu, akainua kisahani dirishani. "Leticia, togwa ya kwenu imekufa. Uliifanyia chochote?"

"Hapana, Mwalimu."

"Pole na msiba," Kasimu alinong'ona.

Chini ya kisahani kikawekwa kikaratasi: Mama Leticia, Kiberege. Hakuna kilichoota. Nilikuwa na siku mbili nzima za kusema ukweli. Nilizitumia kuosha vyombo kwa bidii isiyo ya kawaida.

Jumamosi mama alikuja na jirani yetu, Mama Zuhura. Alivaa kitenge cha kanisani na alibeba ndoo ya togwa ya kuwanywesha watoto wa watu. Nilimwamkia nikitazama chini. Alipita meza ile taratibu, akisoma kila kikaratasi kwa sauti ndogo ya mtu aliyejifunza kusoma ukubwani. Kwenye cha kwake alisoma mara mbili.

"Basi ndiyo maana tumbo lilinisumbua juzi," alisema mama mmoja nyuma yetu, na wengine wakaguna.

Mama aliomba kidumu changu, kilichokuwa na masalia. Akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Hakunitazama.

"Mwalimu, nimekosea mimi," alisema. "Niliipitisha motoni nikiogopa isije ikachacha njiani ikapasua kidumu."

Walicheka kweli. Muuza togwa anachemsha togwa! Mama Zuhura alicheka kuliko wote, akishika kiuno. Mwalimu Koku alikunywa vikombe viwili kutoka kwenye ndoo na kuisifu, lakini kikaratasi kilibaki pale pale, na chachu iliyopelekwa kliniki ilikuwa ya mama yake Kasimu. Mimi nilikusanya vikombe. Tukiwa tunasubiri basi, mama aliniuliza tu kama nimekula.

Baadaye nilisoma chuo kikuu, nikajifunza majina marefu ya wale weupe, kisha nikaishia kuandika makala. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile ni watu wawili tu waliojua ukweli, na kwamba mmoja wao aliitoa kafara sifa pekee aliyokuwa nayo sokoni ili mwingine asiaibike. Nililibeba hilo kama siri nzito, na ninakiri lilinipa umuhimu fulani.

Juzijuzi nilipokwenda Kiberege nilimkuta Mama Zuhura, sasa mzee wa mkongojo, nikaona nimweleze ili jina la mama lisafishike.

"Mama, ile togwa ya kambini niliichemsha mimi."

Alinishangaa. "Sasa wewe ulifikiri nani angeamini kwamba ni mama yako? Nimekunywa togwa yake tangu hujazaliwa." Akacheka, safari hii polepole. "Ulikuwa umesimama pale, midomo inatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Mama yako ameshasema lake. Sisi tungefanya nini, mwanangu, kama si kucheka?"