Mjerumani wa Nyanya

Juzi nilikuwa dukani Masimba, redio ikataja uchaguzi wa Ujerumani. Wateja wengine waliendelea kuchagua sabuni. Mimi nilisimama pale, wivu wa utotoni ukanipanda kooni kama kiungulia.

Kama ulikulia Birongo miaka ya sitini, utakumbuka pareto: maua meupe tuliyoyachuma mgongo ukiuma, harufu yake ikishika vidoleni hata wakati wa kula. Jioni moja nilirudi na kikapu, nikakuta kigoda changu karibu na meko kimekaliwa. Padri alikuwa amemleta kwa nyanya yangu, niliyeishi naye, kijana Mjerumani, wakili aliyetoka tu chuoni, ambaye angefundisha shule ya misheni na kujifunza Kigusii, lugha yetu. Tangu hapo yeye ndiye aliyemiminiwa maziwa lala ya kwanza kutoka kibuyuni, akamegewa ugali wa wimbi, tena wimbi nililosaga mimi. Akikosea neno, nyanya alicheka hadi akafuta machozi. Nikikosea mimi, nilitumwa kisimani.

Nyanya alikuwa mjane, na shemeji yake akaona hapo ndipo pa kusogezea mpaka wa shamba. Mjerumani alisimama mbele ya chifu na Kigusii chake cha kuchechemea, akauliza maswali polepole mpaka yule shemeji akakiri mwenyewe kwamba aling'oa miti ya mpaka. Tangu siku hiyo nyanya alimwita mwanangu. Mimi aliniita "wewe".

Aliporudi kwao, habari zake zilitufikia kupitia kwa padri. Amefungua ofisi ya uwakili. Ameingia chama cha wahafidhina, watu wa kanisa wasiopenda mambo yabadilishwe haraka. Amechaguliwa mbunge. Nyanya alitangaza kila hatua sokoni kana kwamba yeye ndiye aliyempigia kura. Nilipokuwa msichana wa kwanza wa ukoo wetu kuitwa sekondari, alisema ni vizuri, halafu akauliza kama padri ana habari mpya.

Miaka ya sabini Mjerumani alikuja kututembelea, amenenepa, amevaa suti nzito. Alimwambia nyanya kwamba kwao vijana wanamcheka, wanamwita mtu wa kizamani.

"Waache," nyanya akasema. "Mpaka wetu bado uko pale pale ulipouweka."

Nilipomsindikiza kwenye gari, alinitazama sana.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Jioni zote zile, ukiwa kisimani, nyanya yako alinieleza habari zako. Kwamba una akili kushinda wanawe wote. Kwamba utakuwa wakili kama mimi."

Sikuwahi kuyasikia hayo kinywani mwa nyanya, wala sikuthubutu kumwuliza. Nikawa mwalimu.

Pareto iling'olewa, ikapandwa chai. Pale palipokuwa na nyumba ya nyanya pameota migomba. Yeye ametutoka, na yule mbunge pia, huko kwao. Watu huniambia marehemu haonewi wivu. Lakini mtu huyo alikaa jioni baada ya jioni akimsikiliza nyanya yangu akinisifu, akaondoka na sifa zote, akaniachia maneno machache tu kando ya gari.