Pua ya Kaisari

Hermaisko alianza kuchonga vito pale Aleksandria kabla ndevu hazijamwota. Hakuwahi kuiogopa kazi yake, hadi wiki ile alipomkata Kaisari pua.

Kito kilikuwa kidogo kama ukucha wa dole gumba, cheupe juu, kahawia chini. Kwenye ule weupe Kaisari alichongwa kama Amoni, mungu mwenye pembe za kondoo na ndevu nzito. Mfanyabiashara Soteriko alikileta akihema. "Kaisari huyu ameuawa huko Roma. Mfute, umchonge mpya. Upesi!"

Hermaisko akatia mafuta na mchanga mkali, akazungusha keekee yake ya kuchongea. Pua ikaondoka.

Siku ya tatu mkewe, Thermuthi, akarudi kutoka sokoni bila kitunguu hata kimoja.

"Baba Isidora, Kaisari yu hai! Walioshusha sanamu zake wanakamatwa. Askari wanapita nyumba kwa nyumba."

Hermaisko akaiacha keekee. Akakimbia kwa Soteriko. Bawabu akamwambia bwana kapanda mashua, kaenda kule mto utokako.

"Kitupe chooni," mkewe akasema.

"Wakikikuta huko je? Mungu chooni!"

"Basi kimeze."

"Kimeze wewe, mwenye koo pana!"

Wakacheka, mpaka waliposikia mlango ukivunjwa mtaa wa pili.

Hermaisko akakitazama kile kito. Pua fupi. Nani ana pua fupi? Mtoto. Akaketi, hakula, hakulala. Pembe akazigeuza shungi la nywele. Zile ndevu nzito akazichonga kuwa mkono mdogo, kidole mdomoni: Horo mchanga, mungu mtoto, ambaye kila nyumba mtaani ilikuwa na sanamu yake.

Askari walipoingia, unga wa jiwe ulikuwa bado kwenye nyusi zake. Mkubwa wao akakiinua kito kwenye mwanga, akakitazama kwa makini.

"Mtoto huyu mbona ana sikio la Kaisari?"

Sikio! Alilisahau.

"Afande," Thermuthi akasema, "Kaisari si mungu? Na miungu si ndugu? Mtoto afanane na nani, muuza samaki?"

Askari akamtazama. Akamtazama Hermaisko. Akakiweka kito mezani, taratibu, akatoka.

Hermaisko aliishi miaka mingi baadaye, na wateja hakukosa. Lakini sura ya mtu aliye hai hakuichonga tena. Alichonga watoto tu, kidole mdomoni, na kila mmoja alimchonga sikio kwanza.