Bidon Mbili Chini ya Biyari

Ukifika Kabondo, hapa Kisangani, na kuuliza nyumba ya Papa Constant, batu watakuuliza Constant gani. Sema Papa Statistique, mwenye toleka yoyote, wale wa kubeba batu na baiskeli, atakupakia ku kinga yake na kukufikisha bila kuuliza mara ya pili. Alikuwa bwana yangu. Mimi njo Kahambu, muuza maharagi, na usiniangalie na ile macho ya huruma. Nikilia nitalia, lakini hadisi yake nitaimaliza.

Constant alizaliwa Yanonge, mutoto wa muvuvi, mujukuu wa muvuvi. Alipofika Kisangani, kijana bado, alibeba mizigo ku port miaka mingi, kisha akajipatia meza ya biyari ya zamani. Muguu moja ya ile meza ilikuwa imekufa. Akaitegemeza na kipande cha mbao ya reli yenye alivusha na pirogue, mutumbwi, kutoka Lubunga, ngambo ya mutoni. Akaiweka chini ya mabati, karibu kabisa na duka yangu. Toka asubui ni ka! ka! ka! Mipira inagongana, vijana wanapiga kelele, wanunuzi wangu wanakimbia. Mimi ni mutu wa Butembo, sina uvumilivu wa upuuzi. Nilienda kumutukana. Nikarudi na bwana.

Musicheke. Bon, mucheke kidogo, yeye mwenyewe angecheka.

Batoto hatukupata. Tulizungumuzia ile sana mu miaka ya kwanza, kisha tukaacha. Kitu chenye kilibakia kutugombanisha ni kimoja tu: tukizeeka, tutaenda kuzeekea wapi? Mimi nilitaka kurudi kwetu ku milima, ku baridi, pahali mutu analala na blanketi mbili na anaamuka na njaa. Joto ya Kisangani mimi sijaizoea mpaka leo. Yeye alitaka Yanonge, ku mutoni, samaki mubichi na kwanga ya muhogo.

"Kahambu, kule kwenu mutu anazeeka mugongo imepinda juu ya kupanda milima," alisema.

"Na kwenu mutu anazeeka anajikuna mbu," nikamujibu.

Hatukupatana. Tulikuwa tunataniana, lakini hapakuwa utani ndani. Kila mumoja wetu aliota kwao.

Sasa, mambo ya biyari. Jean-Paul, rafiki yake mwenye kutengeneza telefone, alikuwa anamuletea mu telefone mashindano ya wachezaji wakubwa wa dunia, wale wa mipira tisa. Mipira tisa inapangwa pamoja, imeshikamana, mutu moja anaipiga na ule mweupe, inatawanyika kila upande. Ile kupiga ya kwanza njo tunaita kuvunja. Hapa kwetu vijana wanaweza kushikana mashati juu ya nani atavunja, kwani kila mutu anasema mwenye kuvunja njo mwenye kushinda. Mimi pia nilisema vile, mimi mwenye hata fimbo ya biyari sijawahi kushika.

"Si kweli," Constant akasema. "Angalia wale wakubwa. Mutu anavunja, hakuna mupira hata moja inaingia mu shimo. Mwenzake anatoka ku kiti, anasafisha meza yote, mipira yote mu shimo. Ule wa kwanza amemufungulia mulango tu."

"Aa, wapi! Unatafuta neno ya kubishana na mimi."

"Alors, tuhesabu."

Pale njo mambo ilianza. Alileta bidon mbili ndogo za mafuta, za manjano, zenye kifuniko chenye alitoboa tundu, akazisukuma chini ya meza ya biyari. Parti moja, ni kusema muchezo moja mpaka mwisho, haragi moja. Mwenye kuvunja akishinda ile parti, haragi nyeupe inaingia mu bidon yangu. Akipoteza, haragi nyekundu inaingia mu bidon yake. Hakuna kufungua mpaka moja ijae. Nyeupe ikiwa mingi, tutazeekea Butembo. Nyekundu ikiwa mingi, tutazeekea Yanonge. Tulikamatana mikono mbele ya Jean-Paul. Tulicheka, lakini kila mumoja alijua mwenzake hachezi.

Basi saa za joto, wakati meza haina mutu, yeye na Jean-Paul walikaa ku benchi na ile telefone ndogo, kichwa kwa kichwa. Wafilipino, Wachina, Wajerumani. Constant alikuwa mutu wa sauti ya chini, lakini pale ungemusikia mpaka barabarani: "Amevunja! Kavu! Hakuna kitu imeingia!" Alijua nani anavunja kwa nguvu na nani kwa upole, na nani mupira wake mweupe unapenda kujiangusha mu shimo. Kisha anasimama, anaingia mu duka bila kubisha hodi, anatia mukono mu gunia na kutoka na haragi moja katikati ya vidole viwili, ananionyesha kama padri na ostia ya misa. Njo vile batu walimupa jina, Papa Statistique, baba wa hesabu. Na kila mara akipita ananiambia, "Bibi, nyekundu inaongoza. Anza kuzoea samaki." Mimi namutupia kitambaa cha kupanguza meza.

Siku moja lori ya kwetu ilifika na viazi. Nilifungua gunia, harufu ya ile udongo nyeusi ya milima ikanipanda mu pua, na mimi, mwanamuke muzima, nikakaa chini mu duka na kulia. Constant alisimama ku mulango. Alinipa maji, akarudi ku biyari yake.

Kisha ya pale nikaanza kuona kitu mu duka. Gunia ya maharagi nyeupe ilikuwa inashuka haraka kupita ile naiuza. Nyekundu iko, nyeupe inaisha. Nikasema ni panya. Nilitega mutego. Nikaazima paka ya Mama Emérence, jirani yangu. Paka ikalala juu ya gunia wiki nzima, ikanenepa, haikukamata kitu.

"Ni panya gani hii yenye kuchagua rangi?" nikalalamika.

Constant akainamisha kichwa. "Panya ya Kisangani imesoma, Kahambu."

Na alinisaidia kutega ule mutego! Kwa mikono yake mwenyewe, polepole, asijibane vidole.

Mwaka huu, mu mwezi wa tatu, asubui, alikuwa anasafisha kitambaa cha meza na burushi. Nilisikia burushi inaanguka. Nikasema kutoka mu duka, "Constant, okota." Nikarudia, "Constant, nasema okota!" Nikatoka na mudomo yangu tayari. Alikuwa amelala chini, kichwa karibu na bidon zake, macho wazi. Muganga alisema ni moyo. Saa sita ya mchana nilikuwa nimekuwa mujane.

Batu ya kwao walipanda mutoni kutoka Yanonge: ndugu yake Dady, na shangazi yao Mama Lydie. Waliogopa kuniuliza, wanajua mudomo yangu. Dady akasimama ku mulango, kofia mu mukono.

"Shemeki, tunaomba tumuzike kwetu. Ukikataa, tutakuelewa."

Nilikuwa nataka kukataa. Nilitaka alale hapa, karibu, pahali ningefika kila Yenga, siku ya Mungu, nikitoka misa. Lakini nikakumbuka: nyekundu inaongoza. Alikuwa ameshinda. Mutu ameshinda, kisha amekufa, utamunyima kitu alishinda?

"Mumupeleke," nikasema. "Yanonge ni yake."

Dady akalia kama mutoto. Wakakusanya vyombo vya matanga, chungu, mikeka, chakula yenye walipata kwetu, tukashuka na mutoni. Nilikaa karibu na sanduku njia nzima. Tulimuzika ku mutelemuko, pahali unaona maji. Ni pazuri, siwezi kusema uongo. Nikamwambia, "Basi, umefika kwenu. Mimi pia nitakuja kuzeekea hapa, na mbu zenu. Tulikamatana mikono."

Kisha ya kuzika, batu wakakaa ku mikeka kukula. Mama Lydie akaniletea sahani ya maharagi.

"Kula, mwanangu. Toka juzi haujatia kitu mu kinywa."

Nikatia kijiko. Maharagi ikagonga meno, ngumu kama mawe.

"Mama, hii maharagi ilitoka wapi?"

"Usitukasirikie. Tunaipika toka jana, inakataa kuiva. Ilikuwa kwenu, chini ya biyari, mu bidon mbili. Tukasema, Kahambu ni muuza maharagi, aliweka akiba. Tukaimwanga yote mu chungu moja."

Mungu wangu. Walikuwa wamepika statistique ya bwana yangu. Batu wote wa Yanonge wamekaa pale, wanatafuna mashindano ya dunia nzima, na wananong'onezana kwamba maharagi ya Kabondo inavunja meno. Kitu yenye aliweka mikono yake, parti kwa parti, miaka yote ile, kitu moja tu yenye ningeweza kuhesabu na kusema hii njo Constant, iko mu tumbo ya batu. Nilitaka kupiga yowe. Lakini yule mama muzee alikuwa ananiangalia na macho imevimba kwa kulia, na nikashindwa. Nikaangalia chini, mu sahani.

Nyeupe. Sahani yote nyeupe. Nyekundu moja hapa, moja kule.

Nikaenda ku chungu, nikachota na mwiko toka chini kabisa. Nyeupe.

"Jean-Paul! Kuja hapa." Alikuwa amesafiri nasi, na sahani yake alikuwa ameiweka chini bila kuigusa. "Wewe uliangalia parti zote pamoja naye. Mwenye kuvunja anashindaka hivi?"

"Hapana, Mama Kahambu. Kwa wale wakubwa ni karibu nusu kwa nusu. Mwenye kuvunja anamupita mwenzake kidogo tu, na siku zingine hamupiti."

"Na hii?"

Akajikuna shingo. "Ku mwanzo alihesabu muzuri. Kisha ile siku ulilia juu ya viazi. Toka siku ile, ashinde nani, apoteze nani, yeye alitia nyeupe. Alitoa zake nyekundu, akazirudisha mu gunia yako. Hata siku zenye hatukuangalia parti yoyote, alikuja na kiganja nzima ya nyeupe. Nikamwambia, Papa Constant, unaharibu statistique. Akasema, 'Nyamaza. Huyu mwanamuke baridi yake inamungojea. Nikimwambia tu tuende kwao, atakataa, unajua kichwa yake. Acha ashinde.' Alisema ku Pasaka bidon itakuwa imejaa, mutafungua pamoja."

Panya ya Kisangani imesoma! Mwongo huyu! Sijawahi kumukasirikia Constant vile mu ndoa yetu yote. Nyekundu inaongoza, nyekundu inaongoza, na mimi nikaamini, na juu ya kuamini nikamuleta kulala mutoni pasipo mimi. Angenipa hata neno moja ya kweli, ningemubeba mpaka milimani ku lori ya viazi. Nilikaa chini mu udongo na ile sahani, nikakula. Nilikula yote, haragi kwa haragi, machozi inaingia mu chakula, na Mama Lydie anasema, "Acha, mwanangu, acha, haijaiva." Sikuacha hata moja.

Nilishinda, basi. Butembo ni yangu. Na ule mwenye nilitaka kumuonyesha baridi, yeye amelala ku mutelemuko wa Yanonge.

Sasa niko tena Kabondo. Dady ananiita kwao, ndugu zangu wananiita kwetu mara barabara itatulia, na mimi sijajibu mutu. Biyari nimeifunika. Mutego wa panya nimeutoa, paka nilirudishia Mama Emérence. Gunia ya nyeupe nimeiweka karibu na mulango, mudomo wazi, pahali mukono yake ilizoea kuingia. Wanunuzi wananiuliza kama nyeupe inauzwa, nawaambia hapana, mukamate nyekundu. Kila asubui nikifungua duka, kitu ya kwanza naangalia ile gunia. Haishuki. Iko vile vile, imejaa.